Mvinyo Mweupe wa Bourgogne: Kusoma Kosa la Msimu Kutokana na Dalili za Kwenye Glasi

Anayehudumia mvinyo hotelini, anayeuagiza kwa ajili ya duka, au anayeununua kwa fedha yake ili aunywe na jamaa zake, hukutana mapema na tatizo moja: chupa mbili zenye jina lilelile, kutoka shamba lilelile na kwa mtengenezaji yuleyule, zimepishana mwaka mmoja tu, lakini ladha zake hazifanani hata kidogo. Moja inachangamsha mdomo kana kwamba imekamuliwa ndimu. Nyingine ni nzito, ina kautamu ingawa haina sukari, na inaacha joto kooni. Mteja anauliza kulikoni, na jibu analopewa mara nyingi ni kwamba mwaka ule ulikuwa mzuri au mbaya. Jibu hilo halimsaidii mtu. Mwaka hauharibiki wote kwa pamoja. Huharibika wiki fulani, kwa sababu fulani, na kila sababu huacha alama yake ndani ya mvinyo. Mwongozo huu unaanza na alama hiyo, kisha unarudi nyuma hadi kwenye wiki iliyoileta.

Nimechagua Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, kwa sababu ndiko ambako alama hizo husomeka waziwazi zaidi. Mvinyo mweupe wa huko, kuanzia Chablis upande wa kaskazini, kupitia Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet katika eneo la Côte de Beaune, hadi Mâconnais upande wa kusini, hutokana karibu wote na zabibu ya aina moja, Chardonnay, ukiacha kiasi kidogo cha Aligoté. Kule Bordeaux, magharibi mwa Ufaransa, mtengenezaji anaweza kuchanganya zabibu za Sauvignon na Sémillon ili aina moja izibe pengo lililoachwa na nyingine. Mkulima wa Meursault hana nafasi hiyo. Alichokipata kwenye Chardonnay ndicho atakachokitia kwenye chupa, na kwa hiyo chupa yake husema kweli kuhusu msimu kuliko nyingine nyingi.

Kabla ya kulaumu hali ya hewa

Sehemu kubwa ya malalamiko ninayoyajua hayahusiani na msimu hata kidogo, na ni vyema kuyaondoa kwanza. Mvinyo usio na harufu yoyote, unaoonekana kama umejifunga, huenda umetolewa kwenye friji muda huohuo. Chardonnay ya Côte de Beaune hufunguka ikiwa na nyuzi 12 hadi 14, ilhali friji ya kawaida hushika nyuzi 4 au 5. Iache glasi dakika 20 kisha uionje upya. Harufu ya kadibodi iliyolowa maji hutoka kwenye kizibo kilichoingiwa na kasoro, na hakuna mvua wala jua lililohusika. Harufu ya njiti ya kiberiti iliyotoka kuwashwa ni matokeo ya namna mvinyo ulivyolelewa juu ya mashapo yake (hamira iliyokufa na kutuama chini) ndani ya pipa, na watengenezaji wengine huitafuta kwa makusudi. Chembe zinazong'aa kama vipande vya kioo chini ya chupa ni chumvi za asidi ya tartariki. Hazidhuru, na mwaka wowote unaweza kuzitoa.

Kipimo kilicho bora kuliko vyote ni chupa ya pili. Fungua nyingine kutoka kasha lilelile. Zikiwa na tabia moja, tafuta chanzo shambani au kwa mtengenezaji. Zikitofautiana, chanzo ni kizibo, au jinsi chupa ilivyosafirishwa na kuhifadhiwa. Katika pwani yetu na mijini kwetu, ambako kasha linaweza kukaa siku kadhaa juani bandarini, hatua hii isirukwe: mvinyo uliopikwa na joto la kontena hunuka matunda yaliyochemshwa, nao unaweza kumdanganya mtu adhani anaonja mwaka wa joto kali wa Ufaransa. Angalia kizibo chenyewe. Kikiwa kimesukumwa juu hata kwa milimita chache, au mvinyo umechirizika pembeni yake, tatizo limezaliwa njiani.

Kalenda ya kurudia

Msomaji aliyeyaona mashamba ya Dodoma anajua mzabibu unaopogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza. Wa Bourgogne hulala kabisa wakati wa kipupwe na hupata nafasi moja tu. Macho yake, yaani vichipukizi vilivyofungwa kwenye matawi, hufunguka kati ya mwisho wa Machi na Aprili. Maua hutoka mwishoni mwa Mei au Juni. Punje hulainika na kuanza kukusanya sukari Julai au Agosti. Na mavuno, kwa kanuni ya wazee, hufanyika siku 100 baada ya maua. Kila dalili iliyoelezwa hapa chini inaangukia katika mojawapo ya vipindi hivyo.

Kalenda hiyo imesogea. Mjini Beaune kuna kumbukumbu za tarehe za kuanza kuchuma zabibu tangu mwaka 1354, na watafiti waliozikusanya na kuzichapisha mwaka 2019 walionyesha kwamba tangu 1988 mavuno yamekuwa yakianza mapema kwa wastani wa siku 13 kuliko ilivyokuwa katika karne zote zilizotangulia. Siku 13 si kitu kidogo kwa Chardonnay. Maana yake ni kwamba punje, ambazo zamani zilimalizia kuiva katika usiku wa baridi wa mwisho wa Septemba, sasa humalizia katika joto la Agosti.

Dalili: mvinyo ni mzito, umetulia mno, na unaunguza koo

Hii ndiyo dalili inayoulizwa zaidi siku hizi, na ndiyo inayoelezwa vibaya zaidi, kwa sababu watu husema "ni joto" wakaishia hapo.

Punje ya zabibu ina asidi mbili kubwa. Ile ya tartariki ni sugu, lakini ile ya maliki, ambayo ndiyo iliyomo kwenye tufaha bichi, huliwa na tunda lenyewe linapopumua, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyoliwa haraka. Usiku ukiwa wa baridi, ulaji huo hupungua. Usiku ukiwa wa joto, tunda huendelea kuimaliza asidi yake hadi asubuhi, huku sukari ikiongezeka kila mchana. Mwishowe mkulima anabaki na zabibu yenye sukari nyingi, ambayo itageuka kuwa kileo, na uchachu mdogo usioweza kukibeba kileo hicho. Mwaka 2003 ndio mfano ulio wazi. Joto la Agosti lilikuwa kali kiasi kwamba uchumaji ulianza katika nusu ya pili ya mwezi huohuo, wakati watu wengi walikuwa bado likizoni, na Umoja wa Ulaya ukaruhusu asidi iongezwe kwenye mvinyo wa maeneo ambayo kwa kawaida hayahitaji kufanya hivyo. Wengi wakaongeza kwa hofu. Hadi leo, katika baadhi ya chupa za mwaka huo, unaweza kuona uchachu unaosimama peke yake, mkavu na mgumu, haujaungana na mwili wa mvinyo, kana kwamba umefinyangwa juu yake baadaye.

Lakini joto peke yake halitoshi kueleza. Mavuno ya 2019 na 2020 yalitoka katika misimu yenye joto na ukame, hata hivyo chupa nyingi za Puligny na Meursault za miaka hiyo zina uchangamfu ambao 2003 haukuwahi kuwa nao. Mwaka 2019 baridi iliyokuja wakati wa maua ilifanya maua mengi yasishike na vichala vikabaki na punje chache na ndogo. Kisha ukame ukazikausha maji zaidi, na kila kilichokuwamo, sukari na asidi kwa pamoja, kikakolea. Mwaka 2020 mzabibu uliamka mapema sana, maua yakatoka mapema, na Chardonnay nyingi ikachumwa Agosti na watu ambao sasa walikuwa wamejifunza kupima asidi kila baada ya siku mbili tatu, badala ya kusubiri sukari ipande. Hapo mwanadamu naye anaingia katika habari: wiki moja ya kuchelewa katika mwaka wa joto huharibu kuliko wiki tatu za mawingu.

Namna ya kutofautisha ni rahisi, na nimeitumia mara nyingi nikiwafundisha vijana wa huduma. Kunywa funda moja, meza, kisha ufunge mdomo na usubiri. Koo litapata joto la kileo kwanza. Ikiwa baada ya hapo mate yanachuruzika pembeni mwa ulimi, na yanaendelea kuchuruzika unapohesabu hadi kumi, uchachu upo, nao ni mvinyo uliokolezwa na ukame. Unaweza kuuweka miaka kadhaa bila wasiwasi. Ikiwa ulimi umebaki mkavu na kinachosalia ni joto na ladha ya pichi lililoiva mno, msimu uliuchoma uchachu. Mvinyo wa namna hiyo usiuhifadhi. Uhudumie ukiwa baridi kidogo kuliko kawaida, kwenye nyuzi 10 au 11, pamoja na chakula chenye mafuta na chumvi ya kutosha, na uumalize ungali na matunda yake.

Kuna kisa cha pembeni cha dalili hii ambacho huwachanganya hata wazoefu: mvinyo mzito ambao papo hapo una ukakasi wa mbichi. Joto likipita takriban nyuzi 35, mzabibu hufunga vitundu vya majani yake ili usipoteze maji, na kwa kufanya hivyo husimamisha pia kazi ya kutengeneza chakula. Sukari inaweza kupanda kwa sababu tu punje inasinyaa, huku ganda na mbegu vikibaki nyuma. Ndiyo maana mashamba yenye udongo mwembamba juu ya mwamba, ambayo watu huyasifu katika miaka ya kawaida, huweza kuzidiwa katika mwaka wa ukame na shamba la chini lenye udongo wa mfinyanzi unaohifadhi maji. Ukikuta chupa ya bei ya juu yenye dalili hii na ya bei ya chini isiyo nayo, za mwaka uleule, usidhani lebo zimebadilishwa.

Dalili: mvinyo ni mkali na mwembamba kuliko kawaida yake

Hapa tunatafuta kinyume chake: kiangazi cha mawingu, au msimu uliochelewa. Mwaka 2013 majira ya kuchipua yalikuwa ya baridi na mvua, maua yakachelewa, na Chardonnay nyingi ikachumwa mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba. Asidi ya maliki ikabaki nyingi. Kwa kuwa karibu mvinyo mweupe wote wa Bourgogne hupitishwa katika hatua ambayo bakteria huigeuza asidi hiyo kuwa ya laktiki, iliyo laini zaidi, mvinyo ulioanza na maliki nyingi hupungua ukali wake kwa kiasi kikubwa ukiwa pipani, na huacha nyuma ladha ya maziwa au siagi. Uchachu pamoja na siagi, basi, ni dalili ya msimu wa baridi. Uchachu mkavu, wa chokaa na ganda la ndimu, bila siagi, waelekea kuwa wa tartariki, na huo hutokana na kitu kingine kabisa, ambacho si kasoro.

Kitu hicho ni upepo. Wenyeji huuita bise: upepo mkavu wa kaskazini ambao unaweza kuvuma siku nyingi mfululizo mnamo Septemba chini ya anga safi. Huondoa maji kwenye punje, huzuia uozo, na kwa ubaridi wake huihifadhi asidi. Mwaka 1996 na mwaka 2008 upepo huo uliokoa mavuno kwa njia hiyo, na mvinyo wa miaka yote miwili ulizaliwa na ukali ambao uliwatisha wanywaji wa mwanzo. Mwaka 2014 Agosti ilikuwa baridi, kisha Septemba ikaja kavu na yenye jua, na kwa maoni yangu hakuna mwaka wa karibuni ulioonyesha vizuri zaidi jinsi mvinyo mweupe unavyoweza kuwa mkali na umeiva kwa wakati mmoja. Mwenye chupa ya 2014 anayelalamika kwamba ni kali anapaswa kuirudisha kabatini.

Usikitumie kiwango cha kileo kilichoandikwa kwenye lebo kama ushahidi wa kuiva. Sheria ya huko huruhusu sukari iongezwe kwenye maji ya zabibu kabla hayajachacha, na takriban gramu 17 kwa lita huongeza asilimia moja ya kileo. Mvinyo wa mwaka wa baridi unaweza kuonyesha asilimia 13 na bado ukawa mwembamba katikati ya ulimi.

Wembamba usio na ukali ni habari nyingine. Mvinyo usio na kasoro yoyote, safi, lakini unaopita mdomoni kama maji yaliyotiwa ladha, hutokana aghalabu na mavuno makubwa kupita kiasi au mvua iliyonyesha siku chache kabla ya kuchuma. Mwaka 2023 mizabibu ilizaa mno, na tofauti kati ya aliyepunguza vichala mapema na aliyeviacha vyote inaonjeka. Dalili hii haina tiba. Nunua kwa mtengenezaji mwingine.

Dalili: matunda mabichi na yaliyoiva ndani ya glasi moja, au chupa haipatikani kabisa

Sasa tunafika kwenye jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha machipukizi, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa ndilo jambo linaloumiza watu wa Bourgogne kuliko yote, na linaloeleweka kidogo kuliko yote kwetu sisi tusiolijua.

Jicho la mzabibu lililolala huvumilia baridi kali ya kipupwe. Likishavimba na kutoa kijani, nyuzi 2 tu chini ya sifuri zinatosha kuliua, na likiwa limelowa, hata baridi ndogo zaidi. Chardonnay huamka mapema kuliko Pinot Noir, zabibu ya mvinyo mwekundu wa huko, hivyo katika usiku mmoja wa jalidi kijiji cha mvinyo mweupe kinaweza kupoteza zaidi kuliko jirani yake wa mvinyo mwekundu. Mwishoni mwa Machi 2021 kulikuwa na siku za joto lisilo la kawaida, macho yakafunguka. Kisha usiku wa tarehe 5 hadi 8 Aprili hewa ya kaskazini ikashuka, na kwingine theluji ikaanguka juu ya machipukizi yaliyokuwa tayari nje. Asubuhi yake mkulima hupita kwenye mistari na wembe mkononi, huchagua jicho, hulipasua katikati na kulitazama ndani. Likiwa la kijani, li hai. Likiwa na rangi ya chai iliyokolea, limekufa, naye huenda kwenye jicho linalofuata. Katika mashamba mengi ya Côte de Beaune, zaidi ya nusu ya mavuno ya mvinyo mweupe ya mwaka huo ilikwisha kabla ya jua kuchomoza.

Chablis, ambako jalidi ni adui wa siku zote, hupambana kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni moto: vyungu vya mafuta au mishumaa mikubwa iliyopangwa kati ya mistari. Ya pili humshangaza kila anayeisikia mara ya kwanza, nayo ni kunyunyizia mizabibu maji usiku kucha ili yagande juu yake. Maji yanapoganda hutoa joto, na maadamu maji mapya yanaendelea kuganda juu ya barafu, jicho lililo ndani hubaki karibu na nyuzi sifuri na haliendi chini zaidi. Maji yakikatika kabla barafu haijayeyushwa na jua, hasara huwa kubwa kuliko kama mtu asingefanya chochote. Jua nalo lina hatari yake: mnamo Aprili 2016 macho yaliyolowa yaliganda alfajiri, kisha miale ya kwanza ikapiga juu ya barafu na kuyachoma, hata katika mteremko wa Montrachet ambao jalidi huuruka kwa kawaida. Mwaka uliofuata, hofu iliporudi mwishoni mwa Aprili, wakulima wa vijiji vya Côte de Beaune walishirikiana kuchoma marobota ya nyasi mbichi kabla ya mapambazuko, ili moshi usimame kama pazia kati ya jua na mizabibu. Mavuno ya 2017 yakaokoka, na ni mengi na mazuri.

Mvinyo wa mwaka wa jalidi si lazima uwe mbaya. Hilo ndilo kosa la majedwali mengi yanayoupa kila mwaka alama yake. Mzabibu uliopoteza macho yake ya kwanza huweza kuchipua ya pili, yenye vichala vichache na yaliyochelewa kwa wiki kadhaa. Mkulima akivichuma vyote siku moja, utakuta ndani ya glasi tufaha la kijani na jani lililopondwa likikaa kando ya pichi lililoiva, bila kuafikiana. Akivichuma kwa awamu, au akiviacha kabisa vile vya pili, mvinyo utakuwa mdogo kwa wingi na timilifu kwa ladha. Uulize muuzaji swali hilo moja: je, mavuno yalifanyika mara ngapi? Jibu lake litakusaidia kuliko alama yoyote ya mwaka.

Dalili: asali, zafarani na uyoga katika mvinyo mkavu ambao bado mchanga

Chanzo ni kuvu wa botritisi, na wiki ya kutafutwa ni ile ya mwisho kabla ya mavuno, ingawa mizizi ya jambo mara nyingi iko Juni. Maua yakishika yote, kichala hubana mno, punje hukandamizana, na tone moja la mvua likiingia katikati halikauki. Mnamo Septemba 12, 2010 radi na mvua kubwa vilipiga sehemu ya Côte de Beaune, na wenye Chardonnay wakalazimika kuchuma mbio kabla kuvu hajatawala. Zilizochumwa mapema zilikuwa bora kabisa, kwa sababu mwaka huo maua yalishika vibaya na punje zilikuwa ndogo zenye asidi nyingi. Zilizochelewa zina asali.

Kiasi kidogo cha asali si aibu, na wako wanaokipenda katika Meursault. Tahadhari ni kimeng'enya ambacho kuvu huyo hukiacha nyuma, ambacho huharakisha kutu ya mvinyo, yaani kuungana kwake na oksijeni. Mimina glasi mbili: onja ya kwanza mara moja, na ya pili iache wazi kwa saa nzima. Ikigeuka kutoka manjano kwenda rangi ya shaba, maliza mavuno hayo mapema.

Dalili: mvinyo una rangi ya dhahabu iliyochakaa na harufu ya tufaha lililokatwa, nao una miaka sita au saba tu

Tatizo hili lilianza kuonekana kwa wingi katika mavuno ya 1995 na 1996, na lilivunja imani ya wanunuzi wengi. Halitokani na msimu peke yake. Vizibo, namna ya kukamua, kukoroga mashapo kupita kiasi, na kupunguza salfa inayoukinga mvinyo dhidi ya oksijeni vyote vimetajwa, na chupa mbili za kasha moja zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku. Msimu huongeza mzigo tu: mizabibu iliyoteswa na ukame huzaa zabibu zenye nitrojeni kidogo, na mvinyo wake una kinga hafifu dhidi ya oksijeni; zabibu zenye kuvu nazo huja na deni tayari. Kumbuka kwamba 1996 ulikuwa mwaka wa uchachu mkubwa, na bado chupa zake nyingi zilizeeka kabla ya wakati. Kwa hiyo usimwambie mteja kwamba mwaka wa baridi ni dhamana.

Ukavu mchungu unaobaki kwenye fizi, hasa katika chupa za Meursault za 2014 zinazokosa uangavu wa wenzao, unaweza kutokana na mvua ya mawe iliyopiga tarehe 28 Juni mwaka huo. Punje iliyojeruhiwa mapema hukauka na kuanguka, lakini kovu la ganda hubaki kwenye zile zilizosalia.

Kutumia jedwali la miaka bila kupotea

Majedwali hutoa alama moja kwa Bourgogne nzima, na aghalabu alama hiyo ni ya mvinyo mwekundu. Kutoka Chablis hadi Beaune ni zaidi ya kilomita 100, na Mâcon iko mbali tena upande wa kusini. Mvua ya mawe inaweza kupita juu ya kilima kimoja na kukiacha cha pili kikiwa kikavu. Usiku wa kuamkia Septemba 1, 2015 mvua ya mawe ilipiga sehemu ya Chablis ikiwa imebaki siku chache tu mavuno yaanze, katika mwaka ambao majedwali yote yanausifu kwa jua lake. Aliyenunua Chablis ya 2015 kwa kufuata alama hana budi kuuliza ni mteremko gani.

Chupa za 2024 sasa zinaingia sokoni, na zinahitaji usomaji wa namna hiyohiyo. Mvua ilinyesha karibu msimu mzima, ugonjwa wa ukungu ukashambulia majani na vichala, na Chablis ikapata jalidi kisha mvua ya mawe mwanzoni mwa Mei. Mavuno yalikuwa madogo sana. Tarajia uchachu mkubwa na mwili mwembamba. Jaribu chupa moja kwa kumeza na kuhesabu hadi kumi, kisha iache glasi ya pili wazi kwa saa nzima uangalie rangi yake. Ikibaki manjano iliyopauka na mate yakiendelea kutiririka, agiza kasha.